Vua Glavu, Gusa Chuma

Johannesburg, 8 Desemba 2024

Mama mdogo mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye joto la kutosha. Baba alituonyesha ile picha ya theluji uliyotuma, na Valentin akauliza kama watu wa huko wanalipwa ili waishi hapo. Sisi tupo. Mama bado anauza vitenge kwenye kona yake mjini, na mguu wake umepungua kuvimba. Baba yuko karakana, wiki hii anavalisha makochi ya mchungaji. Valentin ameanza kumjibu Baba kwa Kizulu. Baba anamwelewa, ila anajifanya haelewi.

Ulisema nikuandikie kwa mkono, nipige picha kurasa na kukutumia, kwa sababu kwenye simu nasema "ndiyo, Mama mdogo" halafu nanyamaza. Ni kweli. Kwenye simu nasikia pumzi zangu mwenyewe na maneno yananikimbia. Kwenye karatasi yananingoja. Asante kwa kunilazimisha kusoma Biblia ya Kiswahili kwa sauti kila Jumapili, wakati watoto wote wa jengo letu hapa Doornfontein walikuwa wanacheza kwenye ngazi. Nililia sana, lakini leo ni mimi pekee kati yao ninayeweza kukuandikia.

Nimemaliza mtihani wa kidato cha mwisho. Matokeo ni Januari. Wakati nangoja, nimepata kazi karibu na Newtown, ya kuhudumia wateja. Nasimama siku nzima. Kuna mama anaitwa Nomsa ambaye ananifundisha. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mtoto, unamsalimia mteja au unavisalimia viatu vyako?" Wote walicheka, hata mteja. Nilitaka kwenda nyumbani, lakini sikwenda.

Mengine ya kazi nitakuandikia siku nyingine.

Wako,
Shekinah


Portland, Maine, 19 Januari 2025

Shekinah, mtoto wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye barafu. Mimi ni mzima, kasoro midomo, imepasuka kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa juani. Mama yako alinipigia akilia hadi nikaketi chini, nikidhani tuna msiba, kumbe ni matokeo yako. Umefaulu. Niliwaambia wazee wangu wote ninaowahudumia, hata yule asiyesikia. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba binti yangu amefaulu, naye akanipigia makofi.

Kuhusu kazi yako, naona unanizungusha. "Kuhudumia wateja" ni kama kusema unakula chakula. Haya, nakuacha kwa sasa.

Nami nina la kukuambia, ila usimsomee Valentin. Nilipopata gari hapa nililipeleka kuongeza mafuta. Nikasimama vizuri kando ya pampu, nikazima injini, nikashusha dirisha kidogo kama nilivyozoea huko kwetu, nikashika ile sarafu ya randi tano niliyosafiri nayo, iwe bakshishi. Nikangoja. Nikawasha redio. Nikangoja. Gari la nyuma likapiga honi, nikatoa mkono nje kumwonyesha kwamba apite, mimi nahudumiwa. Hakuna aliyekuwa akinihudumia. Mwishowe mzee mmoja akaja dirishani, nikampa ile sarafu. Akaigeuza pande zote mbili, akanirudishia, akasema, "Mama, hapa kila mtu anajiwekea mwenyewe."

Huyo mzee ni Steve. Kumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tangu siku ile, kila Jumamosi anakuja kulichukua gari langu na kulirudisha limejaa. Ni mtu mwema. Lakini mwishoni mwa Aprili anahamia kwa binti yake, mbali sana. Na wazee ninaowaogesha na kuwapikia wanakaa mashambani, nyumba moja huku, nyingine kule, wala hakuna basi. Bila gari sina kazi.

Nilijaribu mara moja peke yangu. Nilishuka, nikaikaribia pampu, harufu ikanifikia, nikarudi ndani ya gari na kufunga mlango. Usiniulize kwa nini. Mwanamke aliyeendesha gari barabara kuu ya M1 ya Johannesburg saa ya msongamano, huku anaogopa bomba.

Huna la kufanya juu ya hili. Nimekuambia tu kwa sababu umesema karatasi inangoja.

Mama yako mdogo,
Spès


Johannesburg, 26 Januari 2025

Mama mdogo,

Bwana asifiwe, na asante kwa kunitangaza kwa wazee. Mwambie yule asiyesikia kwamba nimeyasikia makofi yake. Hapa mvua inanyesha kila alasiri. Baba amepata kazi ya viti vya kanisa lote. Chuo nilichoomba kimejaa mwaka huu. Nitaomba tena mapema zaidi.

Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka. Nakumbuka jinsi ulivyokuwa hapa kila tukiingia garaji kuweka mafuta: unapandisha kioo hadi juu, unaacha upenyo wa kupitisha sarafu tu, na unaziba pua kwa kitambaa. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo.

Nilikuzungusha kwa sababu ulinikataza tangu zamani kukaribia petroli. Kazi yangu ni hiyo, Mama mdogo. Mimi ndiye ninayekuja dirishani. Navaa sare nyekundu na kofia, naweka mafuta, nafuta vioo, natazama oili na maji. Najua utakasirika. Lakini nikinyamaza sasa, Steve ataondoka na wewe utabaki umekaa ndani ya gari.

Nimemuuliza Nomsa kila kitu upya. Amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Akasema, "Mwambie mama yako kwamba petroli haina hasira. Ina sheria tu."

Kwanza, tazama kwenye dashibodi, kando ya picha ya pampu. Kuna mshale mdogo unaoonyesha tangi liko upande gani, usije ukasimama upande usio wake kama madereva wetu wengi. Zima injini. Simu iache kwenye mkoba, wala usishuke karibu na mtu anayevuta sigara. Ukishuka, kabla hujagusa chochote cha pampu, gusa chuma cha mlango kwa mkono mtupu. Kuna ule umeme mdogo wa mwilini, unaokushtua ukigusa kitasa ukiwa umevaa sweta. Nomsa anasema kwenye baridi kavu unazidi. Unataka uishie kwenye mlango, usiishie kwenye mafuta. Najua mkono wako wa kulia unauvalia glavu hata kanisani, tangu ulipoungua na mafuta ya maandazi. Lakini hapo ivue. Vua glavu, gusa chuma.

Halafu chukua mkono wa pampu. Kwetu wa kijani ni petroli na mweusi ni dizeli. Uingize mdomo wake hadi mwisho, na ukikataa kuingia usilazimishe. Bonyeza polepole. Simama hapo hapo. Usirudi ndani ya gari kutafuta joto wakati mafuta yanaingia, maana ukisugua kiti unajaza tena ule umeme. Mkono ukijizima wenyewe, tangi limeshiba. Usiongeze hata tone, madereva hupenda kuongeza na ndipo petroli inapomwagika. Ngoja kidogo, uchomoe ukiuelekeza mdomo juu, urudishe mahali pake, funga kifuniko hadi kilie. Ikimwagika chini, usiwashe gari, waambie walio ndani ya duka.

Na la mwisho ambalo Nomsa alinilazimisha kuliandika. Moto ukitokea, usichomoe bomba, maana utaumwagia petroli. Liache lilipo, ondoka haraka, piga kelele, waambie wazime pampu zote. Hajawahi kuuona kwa macho yake. Anasema unajifunza ili usiuone.

Jioni nikifumba macho naona mkono wako umeshika pampu na mimi nimesimama kando. Niko kando, Mama mdogo.

Shekinah


Portland, 9 Machi 2025

Shekinah,

Wasalimie nyumbani wote. Mimi mzima.

Nimechelewa kujibu. Nilifika kwenye ile sentensi ya moto nikaifunika simu mezani, na sikuifungua picha ile tena hadi jana.

Acha kazi hiyo. Tafuta dukani, saluni, popote. Nilipokuwa huko nilikukataza hata kusindikiza bidoni ya petroli ya jenereta, ukanuna wiki nzima ukidhani nakuonea. Sikukuonea.

Steve anaondoka tarehe 27 Aprili. Nimemwambia mkubwa wangu wa kazi anitafutie wazee wa mjini, ninaoweza kuwafikia kwa miguu. Akasema hawapo. Nitaona.

Sijakukasirikia. Usimuulize mama yako chochote.

Spès


Johannesburg, 30 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Natumaini u mzima, na kwamba barafu imeanza kuachia. Hapa asubuhi zimeanza kuwa baridi. Valentin amejifunza kumdanganya Baba kwa lugha tatu. Mguu wa Mama umepona kabisa, anakusalimu sana.

Ulisema nisimuulize. Siku mbili sikumuuliza. Siku ya tatu tulikuwa tunakunja vitenge pamoja, kila mmoja ameshika ncha zake, nikasema tu, "Mama, mkono wa Mama mdogo uliungua na nini?" Akaendelea kukunja. Tukamaliza vitenge vyote. Ndipo akaniambia.

Kwamba umeme ulikatika, na karakana ya Baba ilikuwa ile ya zamani, ya uani. Kwamba Firmin, mwenzake Baba, alimimina petroli kwenye jenereta ikiwa bado inanguruma na imechemka. Kwamba mimi nilikuwa na miaka miwili, nimelala ndani juu ya vipande vya sponji, na moto ulikuwa mlangoni. Wanaume walikimbilia maji. Wewe ulinikimbilia mimi. Shuka la mlangoni lilikuwa linawaka ukalishika kwa mkono na kuling'oa ili upite. Mama alisema sikuungua hata unywele, na kwamba nilipotolewa nililia kwa sababu nimeamshwa.

Hakukuwa na maandazi.

Sijui kuandika asante ya kitu kama hiki, Mama mdogo. Nimechana karatasi tatu. Nimekuwa nikikushukuru kwa jaketi, kwa Biblia, kwa kunisuka nywele, na muda wote huo ulikuwa unaipokea mikononi, ukiwa umevaa glavu.

Lakini sitaacha kazi. Nisikilize kwanza.

Juma lililopita aliingia mwanamume mwenye gari kubwa, sigara mdomoni, injini inanguruma. Akasema, "Jaza, dada, nina haraka." Unajua nilivyo. Miezi minne iliyopita ningesubiri Nomsa aje. Nomsa alikuwa mbali. Nikaona sponji. Sijawahi kuikumbuka sponji ile, lakini niliiona. Nikatoa mkono wangu kwenye pampu, nikauweka nyuma, nikasema kwa sauti, "Baba, zima injini, zima na sigara, kule nje. Hapa siweki." Akasema, "Eish, huyu mdogo ni nani?" Nikasema, "Mimi ndiye mwenye pampu." Alizima. Sauti yangu ilitoka yote. Nomsa alikuja baadaye akanitazama, akasema, "Leo viatu vyako havikusalimiwa." Kwenye kiti cha nyuma cha gari lile alikuwepo mtoto amelala.

Kwa hiyo siwezi kuacha. Kila siku nasimama pale ambapo Firmin angeambiwa asubiri ipoe, kama angekuwapo mtu wa kumwambia.

Sikushurutishi. Uking'ang'ania wazee wa mjini nitakuelewa, na nitakupenda vile vile. Ila kumbuka kwamba uliwahi kupita kwenye petroli iliyokuwa inawaka. Hii ya huko imelala ndani ya bomba.

Mtoto wako,
Shekinah


Portland, 4 Mei 2025

Shekinah wangu,

Amani kwenu nyote. Huku majani yameanza kutoka, na watu wanatembea na kaptula kana kwamba ni kiangazi, mimi bado na koti. Mwambie dada yangu kwamba mdomo wake ni mrefu kuliko vitenge vyake. Mwambie pia kwamba sijakasirika.

Ngoja nikuambie kwa nini tulisema maandazi. Sikutaka ukue ukinishukuru. Mtoto anayekushukuru kila asubuhi hawezi kukununia, hawezi kukuibia sukari, hawezi kukuambia "siendi kusoma Biblia". Nilikutaka wewe mzima mzima, na kununa kwako. Nilikupata. Basi.

Steve aliondoka tarehe ile ile. Alinipungia mkono hadi kwenye robot, zile taa za magari, mwisho wa barabara, ambayo huku hawaiiti robot, nimewachekesha sana kwa neno hilo. Jumatano mshale wa mafuta ukagusa chini. Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa natakiwa kwa yule mzee asiyesikia, maana bila mimi hashuki kitandani.

Nikaenda mchana kweupe. Nikasimama upande sahihi, asante kwa ule mshale mdogo, miezi yote hii sijawahi kuuona. Nikazima injini. Simu mkobani. Nikashuka. Harufu ikaja. Nilisimama nimeushika mlango kama mtu anayeagana nao.

Kisha nikavua glavu. Kulikuwa na mama mmoja pampu ya jirani, akauona mkono wangu wote, akatazama, halafu akaendelea na gari lake. Basi, hilo ndilo nililoliogopa miaka yote, mtu atazame kisha aendelee na mambo yake. Nikaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa baridi. Nikasema kwa sauti, "Umeme, ishia hapa."

Sasa tufike kwenye kosa lako. Uliniandikia kijani. Nikachukua wa kijani, nikaupeleka kwenye tangi, ukagoma kuingia. Mdomo wake mnene. Nikageuza hivi, nikageuza vile, nikawa nataka kuusukuma. Nikakumbuka: ukikataa usilazimishe. Nikauondoa, nikasoma maandishi ya pampu. Mtoto wangu, huku kijani ni dizeli. Kama ungeingia ningeliua gari na kazi siku moja. Sheria yako moja ilikuwa na makosa na nyingine ikaniokoa, kwa hiyo tumetoka sare.

Nikachukua ule mwingine. Ukaingia wenyewe. Nikabonyeza. Nilisikia mafuta yanaingia, sauti kama maji ya kuoga mtoto. Sikurudi ndani. Nilisimama, na kweli ulikuwa kando yangu, na sare yako nyekundu ambayo sijawahi kuiona. Ukajizima. Sikuongeza tone. Nikafunga hadi kikalia.

Halafu nikakaa kwenye gari nikalia kidogo, madirisha yote yamefunguliwa. Hakuna aliyenipigia honi.

Mzee alishuka kitandani. Jumamosi nilienda tena. Kazi ninayo. Kuhusu yako, sitasema tena uache. Simama hapo.

Limebaki jambo moja. Siku ile nilipomaliza, mkono wenyewe ulienda kwenye kisahani cha sarafu ndani ya gari na kuokota ile randi tano. Nimehudumiwa vizuri, na sina wa kumpa. Dada mmoja wa kanisa letu anakuja Johannesburg mwezi ujao kwenye harusi. Nimemkabidhi.

Mama yako mdogo,
Spès


Johannesburg, 22 Juni 2025

Mama mdogo mpendwa,

Bwana asifiwe. Wote wazima. Mama anasema vitenge vyake ni virefu kuliko unavyodhani. Chuo wamefungua maombi, nimeomba mapema, nangoja.

Nisamehe kwa kijani. Nilimwambia Nomsa, akashika kichwa. Akasema, "Rangi ni ya kila garaji. Unamfundisha mtu rangi, humfundishi kusoma?" Tangu siku hiyo, kila mfanyakazi mpya anayekuja, Nomsa anamsimulia habari za mama wa Amerika aliyeusikiliza mdomo wa pampu. Jina lako wanalitamka vibaya, lakini wanalitamka.

Yule dada alikuja hadi garajini akiwa ndani ya gari la maharusi, lina maua mbele. Nikamsalimia, nikajaza, nikafuta kioo bila kugusa maua. Akashusha dirisha akasema, "Hii ni kutoka kwa mteja wako wa Portland."

Nomsa alinifundisha mapema kwamba bakshishi hapa haipokewi kwa mkono mmoja, hata ikiwa ndogo. Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto kutokana na kiganja chake, nami nikasema lile tunalomwambia kila anayeondoka, ila safari hii sikutazama chini.

Safari njema, Mama mdogo. Karibu tena.

Shekinah